Risala ya Wanafunzi wa Utawala wa Umma kwa Mgeni Rasmi, Amidi Mstaafu wa Skuli Yetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Profesa wetu na Amidi mstaafu, Wakuu wa Idara, walimu wetu, wazazi na walezi, wahitimu watarajiwa, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua mstaafu naye ana ratiba: shamba, vikao vya ukoo, na simu za wanafunzi wa zamani wanaotaka barua za udhamini. Umeviacha vyote ukaja. Shikamoo, Profesa.

Wasifu wako, yaani shahada, vyeo na machapisho, tumeuweka kwenye kipeperushi kilicho mezani. Hapa tunaomba tuseme jambo ambalo kipeperushi hakina nafasi nalo. Umefundisha utawala katika nchi iliyoupangua na kuupanga upya utawala wake mara nyingi kuliko vitabu vilivyoweza kufuatilia, na wanafunzi wako waliingia kazini wakiwa tayari kwa hilo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mzumbe ulikosomea ni ushahidi wa kutosha. Waingereza walikianzisha chuo kile mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, wakiwafundisha machifu, watumishi wa mamlaka za wenyeji na madiwani. Miaka kumi baadaye uchifu ukafutwa kisheria. Mwaka 1972 shule ikaunganishwa na Taasisi ya Utawala wa Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazaliwa IDM, yaani Taasisi ya Menejimenti ya Maendeleo. Mwaka huohuo ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, uliowakabidhi maofisa wa serikali kuu walioko mikoani na wilayani kazi za halmashauri, halmashauri za wilaya zikavunjwa, na za miji hazikukawia kufuata. Kwa hiyo chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya serikali za mitaa kikajikuta katika nchi isiyo na serikali za mitaa! Wewe ulikaa kwenye madawati yale katika kipindi hicho.

Walimu wetu waliopita mikononi mwako wanasema mada hii hukuifundisha kwa slaidi. Uliligawa darasa: upande huu maofisa wa mkoa waliokabidhiwa madaraka, upande ule madiwani waliopoteza viti, na kila upande ulitakiwa kueleza nani atachimba kisima cha kijiji fulani na kwa fedha ya nani. Kengele ililia watu bado wanabishana. Somo lililofuata ukawaletea majibu ya historia: mamlaka za miji zikarudi mwaka 1978, Sheria Na. 7 na Na. 8 za serikali za mitaa, za wilaya na za miji, zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984.

Wakati huo ulikuwa Afisa Utawala kijana wilayani, katika halmashauri iliyokuwa inafufuliwa. Umewahi kutuambia kwamba shule yako ya pili ilikuwa masjala, chumba cha kutunzia majalada. Kazi ya kwanza haikuwa sera wala mpango mkakati, ilikuwa kutafuta majalada ya zamani, kuyapanga na kuyapa namba za folio, yaani namba ya kila waraka ndani ya jalada, kwa sababu hakuna aliyejua mipaka ya viwanja vya halmashauri wala nani anaidai nini. Tunadhani tabia yako ya kuuliza "iko folio ya ngapi?" mtu akitoa hoja bila ushahidi ilianzia huko. Bado wapo walimu wanaoshtuka wakiisikia hadi leo, na wengine wako meza kuu.

Ulipokuwa Amidi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuanza na nadharia za urasimu. Alianza na muhtasari wa kikao na dokezo sabili, yaani andiko la mawasiliano ya ndani ya ofisi. Wapo waliolalamika kwamba hawakuja chuo kikuu kujifunza ukarani. Ukawapeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wakakaa chini ya mwembe pamoja na wananchi, kisha kila mmoja akaandika muhtasari wake. Darasa zima lilihudhuria mkutano mmoja, lakini maazimio yaliyoandikwa yalipishana kama vile kila mtu alikuwa kijiji chake. Wengine waliandika kwamba kijiji kimekubali kutoa ardhi ya zahanati, wengine kwamba suala limeahirishwa. Mtendaji wa Kijiji aliyekuwa amealikwa kuwasikiliza alicheka, halafu akanyamaza, maana ardhi ya watu si jambo la kuchekea. Hatufahamu somo la uwajibikaji lililo wazi kuliko hilo. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na ukituuliza sisi, madaraka hayo hupotea kwanza kwenye muhtasari.

Kazi nyingine za Amidi hazina simulizi tamu. Mitaala ya kupeleka Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), watahini wa nje, Seneti, ratiba za mitihani zinazogongana, mzazi aliye mlangoni saa moja asubuhi. Ulizifanya zote, tunashukuru, na tunapita.

Ila hili hatuwezi kulipita. Serikali ilipoanzisha wakala za serikali, zinazoendesha huduma kwa kujitegemea zaidi kuliko wizara, kwa sheria ya mwaka 1997, na ilipoleta Sheria ya Utumishi wa Umma mwaka 2002, vyuo vilivutwa kufundisha utawala kana kwamba ni biashara: mteja, ushindani, matokeo. Ulikubali kuyafundisha, lakini ukaagiza kila darasa la menejimenti lisome pia ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), hoja kwa hoja, na majibu ya maofisa masuuli, yaani wanaowajibika kwa matumizi ya fedha za umma. Baadhi ya wenzako waliona unawakatisha vijana tamaa. Sisi tuliozisoma tunaona ulitufundisha kuogopa sahihi zetu wenyewe, na kwa mtumishi wa umma woga huo ni mali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, utusaidie kuzungumza na Wakurugenzi wa Halmashauri uliowafundisha, wawapokee wanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo hadi ngazi ya kata na kijiji, si makao makuu ya wilaya peke yake. La pili, yale madaftari yako ya mifano halisi, ya kisima, ya viwanja, ya zahanati, uturuhusu tuyachape na kuyahifadhi maktabani. Tumekwisha pata wanafunzi wa kuchapa, na majina ya watu tutayaficha kama ulivyotuelekeza. Tungeomba jibu la ombi hili leo, kwa maandishi, nasi tutalifungulia jalada.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa kwako na Katibu, kwa niaba ya wanafunzi wa Utawala wa Umma.