Barua kwa Athmani: gari la kulalia na safari ya Sibiloi

Barani, Malindi

Sahibu yangu Athmani,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifika, alhamdulillahi nyote wazima. Umeuliza kitanda cha gari kiwe cha mbao au cha bomba, na jiko likae nyuma au ubavuni. Hayo yasubiri kwanza. Safari ya Sibiloi, ile hifadhi ya taifa kando ya Ziwa Turkana, haivunjwi na kitanda. Inavunjwa na uzito, na uzito wenyewe ni maji na dizeli. Ukishajua hivyo viwili vinakula kilo ngapi, kinachobaki ndicho cha kitanda, jiko na friji.

Yale magari makubwa ya nyumba, yenye choo na bafu ndani, huko hayafiki, kwa hivyo usiyatamani. Land Cruiser yako ndefu yatosha, madhali ina matangi mawili ya lita 90. Toka Marsabit mpaka North Horr, kwa njia ya Maikona na Kalacha, ni yapata kilomita 200, na toka hapo hadi Alia Bay, kwenye ofisi za hifadhi, ni zaidi ya 100 tena. Ongeza Koobi Fora, mle mle hifadhini, kurudi, na kuzungukazunguka: weka kilomita 840. Juu ya mchanga na mawe, likiwa limejaa, gari hilo hunywa kama lita 20 kwa kila kilomita 100. Hizo ni lita 168. Ongeza robo ya akiba, zafika 210. Matangi mawili na mitungi miwili ya lita 20 vyatosheleza. Dizeli ya madramu utaipata North Horr siku nyingine, siku nyingine hakuna, na chujio lako ndilo litakalolipia uchafu wake. Beba machujio mawili ya akiba.

Maji hesabu lita 8 kwa mtu kwa siku: 5 za kunywa, 3 za kupikia na kunawa. Watu watatu, siku sita na mbili za akiba, ni lita 192, yaani kilo 192. Usiyatie kwenye tangi moja, likipasuka umekwisha. Gawa kwenye mitungi, uifunge chini kwenye sakafu, mbele ya ekseli ya nyuma. Juu ya paa pasiwe na maji wala dizeli, maana gari litayumba na kichanja cha mizigo cha juu kitakatika miguu. Jaza Isiolo, kwani Marsabit kwenyewe maji ni ya shida. Ya ziwani usiyategemee: yana magadi, hayanyweki, na kwenye rejeta yataacha ukoko. Na ng'onda acha nyumbani, chumvi yake utailipa kwa maji. Chukua tende, mchele na kunde.

Ukishapakia vyote, pamoja na tairi la pili la akiba na watu wenyewe, lipeleke gari kwenye mizani, kisha linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati chake. Likizidi, punguza samani, usipunguze maji.

Sasa la kwetu sisi wa pwani. Gari lako limelala Mokowe miaka yote hiyo, na chumvi hailali. Lala chini yake ukiwa na nyundo ndogo, gonga chasisi toka mbele hadi nyuma: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya bubu na magamba yanamwagika. Tazama hasa pale springi za nyuma zinaposhikwa, na mabomba ya breki yanapopita juu ya ekseli, kwani matope ya chumvi hujificha hapo. Kisha fungua bolti ya waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Ukikuta unga wa kijani au mweupe chini yake, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu. Waya huo ukiwa mbovu, gari huwaka vizuri mjini na kugoma kwenye joto la jangwa la Chalbi, na fundi atabadilisha stata bila sababu.

Friji ya lita 40 ya volti 12 kwenye joto la nyuzi 38 hula kama ampea-saa 50 kwa siku. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hivyo siku moja tu bila jua imekwisha. Weka sola ya wati 200, na betri hiyo iwe ya pili, iliyotengwa na ya kuwashia gari. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na friji, la sivyo waya ukichubuka njiani hakuna kitakachouzima moto.

Upepo wa tairi ndio wengi hawaujali. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Kwenye lami weka paundi (psi) 36 mbele na 42 nyuma. Ukiingia barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati, shusha hadi 28 na 32, la sivyo bolti zote zitalegea na shokomzoba zitavuja. Mchangani shusha hadi 18, uende polepole. Ukikwama, toa mguu kwenye mafuta mara moja; kila mzunguko wa bure unakuchimbia kaburi. Shusha hadi 15, chimbua nyuma ya magurudumu yote manne, kisha jaribu kurudi nyuma kwenye nyayo zako. Ukifika pagumu jaza tena kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi legevu kwa mwendo wa kasi huchemka na kupasuka ubavuni. Kwa hivyo pampu ya umeme si anasa.

Chalbi usidanganyike na uso wake. Juu pakavu peupe, chini tope. Fuata nyayo za magari, na kama mvua imenyesha karibuni, ngoja Marsabit. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yake. Nenda na gari la pili, na kabla ya kuondoka Marsabit waulize polisi na watu wa KWS, wasimamizi wa hifadhi za wanyama, hali ya usalama. Mtandao wa simu usiutegemee.

Wewe mtu wa jahazi, hili litakufurahisha: Turkana upepo watoka kusini-mashariki karibu mwaka mzima, na huvuma kwa nguvu usiku mpaka asubuhi. Elekeza pua ya gari huko, mlango wa nyuma uwe upande wa makingio, na turubai la pembeni likunje kabla ya kulala. Pikia nyuma ya gari, si ndani, kwa ajili ya gesi. Na lala mbali na ufuo. Mamba ni wengi.

Kabla ya yote hayo, njoo Malindi na gari likiwa limepakiwa kamili, twende Sala Gate, lango la hifadhi ya Tsavo Mashariki, yapata kilomita 110, tulale humo usiku mmoja. Ada ya kuingia lipia mapema kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, langoni hawapokei pesa taslimu. Asubuhi tutajua mtungi gani unavuja, bolti gani imelegea na betri imebaki na nini. Ukipata karatasi ya mizani nitumie picha yake, ndipo tuzungumze habari ya mbao au bomba.

Wasalimie mama na watoto.

Wako,
Salim