Kaka, chuma 9 ulisema wewe

Kaka,

Voisi yako nimeisikiza mara mbili. Mara ya kwanza mama alikuwa karibu, ndo maana sikukujibu hapo hapo. Miaka mitatu hujauliza hata mbuzi wa arobaini ya baba alilipwa na nani, leo unanitafuta kutoka Uskoti kwa ajili ya shimo la gofu, eti upige chuma gani. Haya. Nakujibu hapa hadharani, maana kule WhatsApp utanirushia dole gumba tu, nami nitazidi kuumwa na roho.

Shimo lako nimelielewa. Par 3, yaani la kumalizwa kwa mapigo matatu, yadi 140, upepo unatoka baharini unakupiga usoni, kushoto banka, lile handaki la mchanga, yenye kina kama kisima, kulia matuta ya majani. Umepiga chuma 8 kwa nguvu zako zote siku mbili mfululizo na mpira haukufika. (Kwa wasiojua, chuma ni fimbo ya gofu, na namba ikiwa kubwa mpira unapanda zaidi na kwenda karibu.) Sasa ungefika vipi?

Ukiukamia mpira unazidi kuuzungusha kinyumenyume, na mpira unaozunguka hivyo ukikutana na upepo wa omo hauendi mbele, unapanda. Unapanda, unasimama, unaanguka. Si tuliuona kila kusi sisi tulipokuwa makedi, wabeba mabegi ya gofu, Julai ndo usiseme, wageni na kofia zao nzuri wanapiga mpira unaelea juu kama karatasi ya nailoni! Chukua chuma 6, hata 5. Shusha mikono kwenye mpini inchi moja hivi, mpira uurudishe nyuma kidogo upande wa mguu wa kulia, fimbo izungushe robo tatu tu, na ukimaliza mikono isipande juu ya kifua. Polepole. Mpira utaenda chinichini, utatua kabla ya grini, pale penye nyasi fupi kuzunguka shimo, na huko kwenu chini ni mchanga mgumu, utabiringika wenyewe mpaka ndani.

Usione haya kushika chuma kirefu kwa shimo fupi. Gene Sarazen, yule bingwa wa zamani wa Marekani, mwaka 1973 kwenye mashindano ya Open huko huko Uskoti, uwanja wa Royal Troon, shimo la 8, lile wanaloliita Postage Stamp ambalo hata yadi 130 halifiki, alitoa chuma 5 akautia kwa pigo moja. Alikuwa na miaka 71. Wewe una 44 na unaogopa jamaa zako watakucheka.

Upepo ukigeuka ukatokea kulia, lenga yale majani ya kulia uachie upepo uurudishe mpira katikati. Baba akirudi kuvua wakati wa kusi omo ya chombo alikuwa anaielekeza Mayungu, kusini mwa Malindi, upepo unamsukuma, na anakuja kutua Malindi pale pale kila siku, tukiwa tumekaa tunamngoja na ndoo. Wewe ndo ulinieleza kwa nini anafanya vile. Ndo maana nachoka nawe, kaka, kwa sababu hakuna hata moja hapa ambalo hulijui.

Ulijua siku ile pia. Lile shimo lenye mivinje nyuma, wewe umebeba begi la bwana, mimi la mkewe. Akauliza chuma gani. Mimi nikasema 5. Ukacheka, ukasema huyu mtoto bado anajifunza, ukamkabidhi 9. Mpira ulipanda juu kuliko mivinje, ukasimama pale juu, wallahi nauona mpaka leo, ukashuka kwenye mchanga hata nusu ya njia haujafika. Bwana akageuka. Nawe bila kupepesa jicho ukaninyooshea ile taulo ya kufutia mipira, "Mdogo wangu ndiye aliyesema tisa." Taulo ilikuwa imelowa, inadondosha maji juu ya kiatu chako, nami naangalia kiatu.

Nikafukuzwa na begi likachukuliwa na kedi mwingine. Jioni ukaja nyumbani na mahamri ya pesa uliyotuzwa, ukanipa mawili. Nikayala. Hilo ndo siwezi kulisahau, si uongo wako, ni kwamba niliyala, tena na la tatu nikaomba.

Watu watasema jambo la utotoni, achana nalo. Mimi ukedi sikuacha kwa sababu yako, niliacha kwa mgongo. Na kile kiwanja cha baba, kwa kuwa najua shangazi kakufikishia vyake, sikukiuza kwa siri. Nilikupigia mara tatu, na bili ya hospitali haikuwa inangoja ukiamka. Risiti zote ziko kwa mama kwenye mkebe wa biskuti. Jamani nyinyi mnaosoma mnisamehe, hii ilikuwa barua ya gofu.

Ukifika kwenye grini panua miguu zaidi ya kawaida, huo upepo unamtikisa hata mtu mwenyewe akiwa ameinama. Na mpira ukiwa nje kidogo ya grini usijitie ufundi wa weji, ile fimbo ya kuunyanyua mpira, tumia pata tu, ile ya kusukumia, uburuze.

Mama hajambo. Kauliza huko kuna baridi kiasi gani, nikamwambia amuulize mwenye baridi yake. Anaamka alfajiri kama zamani, ukipiga wakati huo utampata.

Na kesho ukisimama pale ukaona bora utoe chuma 8 chako tena, toa, si mkono ni wako. Ila mpira ukitua kwenye banka usimwambie mtu kuwa mdogo wako ndiye aliyesema.