Mkataba usomwe kabla ya sala

Ndugu Mhariri,

Makanisa yetu hapa Tanga yana desturi nzuri. Mwalimu akipata kazi ng'ambo huitwa mbele, huwekewa mikono, huchangiwa nauli. Kwa wanaokwenda Omani tunaomba liongezwe jambo moja: kabla ya sala, mkataba usomwe.

Wazazi huhofia imani, nayo ndiyo yenye matata machache. Maskati yako makanisa, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, katika mitaa ya Ruwi na Ghala. Ibada kubwa ni Ijumaa, maana wiki ya shule huanza Jumapili ikaishia Alhamisi. Kwa hiyo Ijumaa Kuu ni mapumziko kila mwaka, na Pasaka kila mwaka ni siku ya kazi. (Dubai ni tofauti, huko tangu Januari 2022 Jumapili ni mapumziko.) Kinachokatazwa ni kuhubiri hadharani na kumvuta mtu abadili dini. Mwanafunzi akiuliza habari za Yesu, mwalimu arudi kwenye somo lake. Mchana wa Ramadhani asile wala asinywe mbele za watu, hata maji. Aliyekulia Ngamiani, hapa Tanga, kati ya Waislamu, hilo halimshtui. Ila ajue kwamba saa sita za kazi kwa siku katika mwezi huo sheria imempa Mwislamu tu. Mkristo aulize ratiba yake mapema.

Kinachoumiza mwaka wa kwanza ni mshahara wa msingi. Mkataba ukisema riali 500, tazama zimegawanywaje. Zikiwa 250 za msingi na 250 za posho, kiinua mgongo kitahesabiwa kwa zile 250, kwa kuwa sheria ya kazi ya 2023 inatoa mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliotumika. Posho nazo zina ujanja wake: shule ikikupa chumba, ya nyumba huweza kuondolewa. Na hesabu zako zifanye kwa dola, si kwa shilingi za kusikia mtaani. Riali moja ni kama dola 2.6.

Mkataba huwa na Kiarabu ubavuni, na maneno yakipingana kinachofuatwa ni Kiarabu. Hapa Tanga hatuna kisingizio. Maalimu wa madrasa wamejaa kila barabara, na mchungaji hapungukiwi kitu akimpelekea mmoja wao karatasi hizo amsomee.

Muda wa matazamio ni hadi miezi 3, na ndani yake kuachishwa ni rahisi. Kwa hiyo mwalimu wa serikali asiandike barua ya kuacha kazi kwa furaha ya tiketi. Aombe likizo bila malipo na asubiri jibu la maandishi. Kuondoka kimyakimya ni utoro kazini, na mwisho wake ni kufukuzwa.

Kuna tatizo ambalo sisi Wakristo tunajitengenezea wenyewe: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, cha kidato cha nne John, pasipoti Johnson kwa sababu ndilo aliloitwa kipaimara. Binti aliyeolewa ana vyeti vya jina la baba na pasipoti ya jina la mume. Marekebisho yafanyike huku, kabla vyeti havijagongwa muhuri Wizara ya Mambo ya Nje na kisha ubalozi wa Omani Dar es Salaam. Ukigundua kosa ukiwa Maskati, vyeti halisi hurudi nyumbani kwa mkono wa mtu au kwa kifurushi, nawe unangoja. Kwa ndoa, kinachohitajika ni cheti cha serikali, si kile cha maua kinachotundikwa sebuleni.

Abebe fedha ya kula miezi miwili. Akaunti ya benki hungoja kadi ya ukaazi, na kadi hungoja vipimo vya afya, ikiwamo picha ya kifua.

Siku ya kuripoti atapewa rundo la karatasi za kusaini. Sheria inamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi ila kwa ridhaa yake ya maandishi, na ridhaa hiyo yaweza kuwa katikati ya rundo hilo. Asome moja moja, na hiyo asiisaini.

Walimu wastaafu,
Chumbageni, Tanga