Iqbal na beti alizozifuta

Mhariri,

Makala yenu ya juzi ilimwita Muhammad Iqbal "mshairi wa Pakistan" na kuishia hapo. Marehemu alifariki Lahore tarehe 21 Aprili 1938, Pakistan ikazaliwa 1947. Hakuiona hata siku moja.

Alizaliwa Sialkot, Punjab, wakati huo sehemu ya India ya Waingereza, mwaka 1877, baba yake fundi cherehani. Mwaka 1904 alitunga shairi la kuisifu India, na Wahindi wanaliimba mpaka leo. Hilo hamkuligusa kabisa. Mwaka uliofuata akaenda Cambridge, kisha Munich, alikopata udaktari kwa utafiti wake juu ya falsafa ya Uajemi. Uwakili aliusomea London, nao ndio uliomlisha aliporudi nyumbani, maana ushairi, mnajua wenyewe, haujazi sufuria.

Mimi kinachonivuta ni neno lake moja: khudi, yaani nafsi. Kabla yake neno hilo lilikuwa na harufu ya majivuno, kitu cha kutubia. Yeye akaligeuza. Mwaka 1915 alitoa kitabu kizima cha mashairi, tena kwa Kiajemi, akidai kwamba nafsi ya mtu ikuzwe, isizimwe. Ndani yake akamshambulia Hafidh wa Shiraz, mshairi wa kale wa Uajemi, kuwa anawalaza watu usingizi. Masufi, Waislamu wa njia ya kiroho waliomuenzi Hafidh, wakamjia juu, na toleo lililofuata likatoka bila beti hizo.

Mkimwandika tena, naomba mwanzie kwenye hizo beti zilizofutwa.

Msomaji wenu,
Tanga