Safari hii sikufichi

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliponisikia nakohoa nilikwambia ni vumbi tu. Haikuwa kweli, na tangu siku hiyo sina raha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikieleza kidogo tu pumzi zinakata.

Kipupwe hiki upepo wa hapa Chamwino umekuwa mkali, vumbi linaingia hadi kwenye chungu cha mlenda. Makohozi yangu, ambayo siku zote ni meupe, yalibadilika yakawa mazito ya kijani. Kwenda bombani nikawa napumzika mara mbili njiani. Nikasema yatapita. Usiku wa tatu nililala nimekaa, na jirani alipokuja asubuhi sikuweza kumaliza hata salamu. Akaita bajaji. Hospitali waliniwekea oksijeni, wakanipa vidonge vya prednisoloni, vya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, vya siku tano pamoja na antibayotiki. Daktari alinisikitikia: "Mama, makohozi yakibadilika rangi na pumzi ikapungua, njoo siku hiyohiyo."

Aliniuliza kama navuta sigara. Sijawahi. Akauliza napikia nini. Mwanangu, maandazi yaliyokusomesha niliyakaanga kwa kuni miaka 22, kwenye kile kibanda chenye kidirisha kimoja. Huo moshi ndio ulioniharibu mapafu, na yakishaharibika hayarudi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba miaka ya mwanzo ulikuwa mgongoni kwangu, tukiuvuta wote. Kwa hiyo hicho kikohozi chako cha asubuhi usikizoee. Nenda ukapimwe kifua, na jiko la mkaa litoe nje ya chumba, hata mvua ikinyesha.

Mimi sasa najua kujitunza. Nesi alichukua chupa ya maji ya nusu lita, akapasha waya moto na kutoboa tundu kitakoni, saizi ya mdomo wa pampu yangu ya dawa ya kuvuta kifuani. Natikisa pampu, nabonyeza mara moja, halafu navuta taratibu kwa mdomo wa chupa. Zamani dawa nyingi iliishia ulimini. Sasa naisikia inafika kifuani. Kifua kikibana nakaa kwenye kigoda, viwiko magotini, navuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo niliyoikunja kama napoza uji. Jioni natembea hadi kwenye mbuyu na kurudi, maana wamesema nikikaa tu miguu itaishiwa nguvu na pumzi zitazidi kuwa fupi.

Nimempa jirani namba yako. Akiona midomo yangu imegeuka rangi, au nasinzia ovyo na kuongea yasiyoeleweka, asiningoje nikubali, anipeleke.

Limebaki moja nililokuficha. Mtungi wa gesi ulioninunulia uliisha mwezi uliopita. Nikaona una kodi ya nyumba na ada ya mtoto, nikarudi kwenye kuni. Nitumie ya kujaza, mwanangu. Hata leo ukiweza.

Mama yako