Mheshimiwa Waziri, utamaduni haupimwi kwa ngoma ya kumpokea mgeni

Mheshimiwa Waziri unayesimamia mambo ya vijana,

Nakuandikia kuhusu viwango vya ubora vya programu za watoto na vijana baada ya saa za shule, hasa zile zinazowalea kwa lugha, sanaa na maarifa ya jamii zao. Mimi ni mlezi katika programu ya aina hiyo. Ombi langu ni moja: mkaguzi apime yanayopita kati ya mlezi na mtoto, asipime alichoandaliwa.

Ukaguzi tuliouzoea unajulikana. Mkaguzi anafika kwa taarifa, anapitia daftari la mahudhurio, anakagua vyoo, anauliza kizima moto kiko wapi. Kisha watoto wanavalishwa, ngoma inapigwa, naye kwenye fomu, palipoandikwa utamaduni, anatia alama ya vema. Vyoo na kizima moto ni lazima, sina ubishi. Lakini ngoma ile haimwambii lolote, kwa kuwa watoto waliokaririshwa na watoto wanaoelewa wanachokifanya hucheza sawasawa mbele ya mgeni.

Tofauti huonekana siku isiyo na mgeni. Binti anasuka kikapu, mistari imeanza kupinda. Mzee anayefundisha hamnyang'anyi. Anamwambia ahesabu tena kuanzia ukingoni. Binti anahesabu, anagundua aliporuka, anafumua mwenyewe. Halafu anauliza kwa nini pambo lile linaanzia chini, na mzee anamtuma akamuulize bibi yake. Kesho yake anarudi na jibu, tena jibu linalopingana na la mwenzake, na mazungumzo yanawaka. Fomu ya sasa haina mahali pa kuandika hayo.

Wala sisemi kwa hisia tu. Mwaka 2010 watafiti Durlak, Weissberg na Pachan walichambua kwa pamoja tafiti nyingi za programu zinazokuza stadi za maisha baada ya shule. Zilizowafaa watoto ni zile zenye hatua zinazofuatana, kujifunza kwa vitendo, muda uliotengwa na stadi zilizotajwa waziwazi. Zilizokosa hayo hazikuonyesha faida ya maana. Kufundisha kusuka kunaweza kutimiza yote manne, au kusitimize hata moja, na jina zuri la programu halibadilishi kitu.

Kuhusu wazee wetu, naomba usikilize kwa makini. Kiwango kikidai cheti cha ualimu kwa kila anayefundisha, utakuwa umewafungia mlango wenye maarifa yenyewe. Kikiwaachia tu kwa sababu ni wazee, utakuwa umewaacha watoto bila ulinzi. Basi mzee afundishe akiwa na mlezi aliyepata mafunzo ya ulinzi wa mtoto, wote wachunguzwe kabla ya kuanza, na wote walipwe. Mzee anayeambulia nauli na shukrani kila mara ataacha kuja, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Na fimbo isiingie kwa kisingizio cha mila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 19, unamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa aina zote.

Mkataba huohuo, ibara ya 31, unampa mtoto haki ya kucheza na kushiriki maisha ya kitamaduni, na ibara ya 12 haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Hii ya mwisho ndiyo tunayoisahau zaidi. Watoto hawaulizwi wanataka kujifunza nini, na mtoto wa familia iliyohamia huulizwa kwa nadra zaidi kama nyimbo za kwao nazo zina nafasi.

Kabla hujasaini viwango hivyo, Mheshimiwa, watume wakaguzi bila taarifa. Wakae kipindi kizima, ngoma ya mapokezi isiwepo, kisha wazungumze na watoto sisi walezi tukiwa nje.

Wako,
Mlezi wa vijana