Risala ya wahadhiri wasaidizi na wanafunzi wa uzamivu kwa mgeni rasmi, Siku ya Utafiti

Mheshimiwa mgeni rasmi, Profesa wetu, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo unayeshughulikia utafiti, wakuu wa idara, masupavaiza wetu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa, maana tukisema tutaje mmoja mmoja muda tuliopewa utaishia hapo hapo. Shikamooni wakubwa. Wenzetu habari za mchana.

Tunashukuru sana Profesa kwa kuja mwenyewe, tulizoea kuletewa mwakilishi na mwakilishi akishasikia anasema "nitayafikisha" basi ndo imetoka hiyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi chetu kilianza kama grupu la WhatsApp la kutumiana matangazo ya fandi za utafiti. Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu, mtu anatupia linki saa sita usiku, ukifungua unakuta dedilaini imepita, nyingine ni za matapeli wanaodai eti utume hela ya kushughulikia fomu (mfuko wa kweli hauombi hela kwa mwombaji, tunawaambia wadogo zetu kila siku na bado wanaliwa). Siku hizi kuna wenzetu wawili wanachuja kabla tangazo halijapandishwa, halafu Ijumaa jioni tunakaa chumba cha semina tunasomeana maandiko yetu ya kuombea fandi, na hapo hamna kuoneana haya, ukiandika bajeti ya kubahatisha utaambiwa. Matunda yapo. Kuna mwenzetu amepata skolashipu ya DAAD, lile shirika la Ujerumani la kufadhili masomo, ya kusomea hapa hapa Afrika Mashariki, na dada yetu wa kitivo cha sayansi amepata ya OWSD, lile shirika la wanasayansi wanawake lenye makao yake Trieste, Italia, ambalo linampeleka mwanamke wa nchi kama yetu akasome uzamivu nchi nyingine ya Kusini. Yuko Afrika Kusini sasa hivi, anawasalimu.

Baada ya hayo mazuri naomba tuseme ukweli Profesa, na utuvumilie.

Mwaka 2025 ulitukuta vibaya. Januari Marekani ikasimamisha misaada ya nje, ikifika Julai mosi USAID, shirika lao la misaada, imeshafungwa, na katikati hapo mwezi wa tano NIH, ile taasisi yao kubwa ya utafiti wa afya, ikatangaza kusitisha utaratibu wa chuo cha Marekani kupokea ruzuku halafu kukimegea chuo cha nje kipande. Sasa sisi wengi tulikuwa tunaishi kwenye kile kipande. Profesa wa kule ndiye mwenye mradi, sisi huku tunakusanya sampuli, tunajaza madodoso, jina linakuja la nne au la saba kwenye makala. Hatukupenda hivyo, ila ndo ilikuwa inalipa posho ya uwandani na kununua vitendanishi, zile kemikali za kupimia maabara. Sasa wanasema mtu wa nje aombe moja kwa moja kwa jina la taasisi yake na hela yake ifuatiliwe moja kwa moja. Kwetu sisi hii ingekuwa neema kabisa, ndiyo kitu wazee wetu wamekilalamikia miaka yote, kwamba tunafanywa wabeba sampuli. Tatizo ni kwamba hatujajiandaa kuomba moja kwa moja, na hapa hatuzungumzii akili, tunazungumzia makaratasi.

Ngoja nieleze Profesa jinsi inavyokuwa. Ukitaka kuomba hela ya serikali ya Marekani, kabla hata hujaandika sentensi ya kwanza ya andiko, chuo lazima kiwe kimesajiliwa kwenye mfumo wao unaoitwa SAM, kipate namba yake ya utambulisho, na usajili huo unahuishwa kila mwaka. Usipohuishwa unakufa, na kuufufua ni wiki na wiki kwa sababu wanataka jina la chuo na anwani vifanane kila mahali mpaka nukta. Sasa mwenzetu mmoja aliandika andiko lake zuri sana, tulilisoma wote, supavaiza akalipitisha, akaja kugundua wiki ya mwisho kwamba usajili umelala na nenosiri analo mtumishi aliyehamia mkoa mwingine, imeili yake ya ofisi imefungwa. Tukaanza kumtafuta huyo baba kwa simu kama vile tunadai mahari. Alipatikana, akatusaidia kwa moyo mweupe kabisa, ila dedilaini ilishapita. Andiko lipo, liko kwenye flashi.

Na hiyo ni moja tu. Mifuko mingi ya nje inataka barua ya taasisi yenye sahihi ya mkubwa, na barua hiyo kwetu inapanda ngazi, kutoka idara hadi kitivo hadi kurugenzi hadi kwako Profesa, kila meza inalala siku kadhaa, na ukiuliza unaambiwa faili liko kwenye mzunguko. Tunaelewa kwamba chuo kinajilinda, mtu asije akaahidi vitu ambavyo chuo hakiwezi kutekeleza. Lakini tangazo lenyewe mara nyingi linakaa wazi kama miezi miwili hivi, ukitoa muda wa kuandika, ukatoa kutafuta washirika, hiyo iliyobaki haitoshi mzunguko wa faili.

Halafu kuna wanaofanikiwa, hela inaingia akaunti ya chuo, tunashangilia, na hapo ndo safari nyingine inaanza. Anayefanya utafiti wa mazao anategemea mvua, mvua haisubiri mtu arejeshe masurufu ya safari iliyopita ndo apewe mengine. Manunuzi yanapita NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, sawa, ni sheria na hatupingi, ila mtu anayejua kuandika maelezo ya kitendanishi cha kukaa nyuzi ishirini chini ya sifuri ni mtafiti mwenyewe, na akikosea neno moja analetewa kitu kingine au kinafika uwanja wa ndege kinakaa kwenye joto mpaka kinaharibika, mara mbili tumeona.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wanaobaki bila fandi wanafanyaje? Wanakopa SACCOS. Tuna mwenzetu anafanya uzamivu juu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Hili jambo tunalijua wote, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, kwa hiyo si utafiti wa kujifurahisha. Yeye ananunua mahindi mwenyewe soko la Kibaigwa, debe kwa debe, anayabeba kwenye basi, anayasaga jikoni kwake usiku watoto wakilala maana mashine ya maabara ni mbovu, na vifaa vya kupimia ananunua kwa mkopo anaokatwa kwenye mshahara. Data zake ni nzuri. Lakini ukimuuliza kwa nini sampuli ni chache hivyo, jibu analo ila hawezi kuliandika kwenye tasnifu.

Mtu kama huyo hahitaji mabilioni. Zamani wazee wetu wengi walianzia kwenye vile vifungu vidogo vya IFS ya Sweden, mfuko wa watafiti vijana uliozaliwa 1972, na ukishapata hicho ukatoa makala moja nzuri, wakubwa wanaanza kukuamini. Hapa nyumbani tuna mfuko wa COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, na tunaupongeza, ila wito ukitoka tunaugombania kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila moja itenge angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, tumekua tunalisikia hilo, sasa wengine tuna mvi. Hilo hatukudai wewe Profesa, liko juu yako. Yaliyo mezani kwako ni haya.

Tunaomba ofisi ya ruzuku yenye mtu wa kudumu, siyo mhadhiri aliyekabidhiwa juu ya vipindi vyake, mtu anayejua SAM inakufa lini, nani ana nenosiri, na wafadhili wa utafiti wa afya wa Ulaya kama EDCTP au Wellcome wanataka nini mwaka huu. Hela ya kumlipa tunadhani ipo kwenye makato ambayo chuo kinachukua kwenye miradi yetu. Tunajua si nyingi, NIH kwa taasisi za nje ya Marekani wanatoa asilimia 8 tu kwa gharama za uendeshaji, ila kwa sasa hatujui hata hiyo inaenda wapi na tungependa kuambiwa.

Tunaomba barua ya taasisi isainiwe ndani ya siku tano za kazi, na kama ukisafiri awepo anayeshika kalamu kwa niaba yako.

Na tunaomba chuo kitenge kifungu kidogo cha kuanzia kwa ajili ya wahadhiri wasaidizi na wanafunzi wa uzamivu, hata kama ni milioni tano tano kwa watu kumi, kwa kushindanishwa kwa haki, anayesoma andiko asijue jina la mwandishi. Sisi tuko tayari kuwa wa kwanza kusoma ya wenzetu wa vitivo vingine bila posho, hata chai tutajinunulia.

Profesa, mwenzetu wa sumukuvu yuko mstari wa tatu, kaja na bango lake, liko pale ukutani karibu na dirisha. Tunakuomba ukimaliza kutujibu upite umsikilize kabla ya chakula.

Naomba kuwasilisha.